UZI: Unasoma lugha za kigeni na isimu chuo cha mjini? Usiiache lugha yako mlangoni

Mleta uzi

Wadau, habari za wakati huu.

Kila msimu wa udahili maswali huwa ni yale yale: nimechaguliwa lugha za kigeni na isimu (taaluma inayochunguza lugha), kozi ikoje, ngumu ni wapi, nikimaliza nitakuwa nani? Majibu mengi ninayoyaona ni mafupi mno. "Piga msuli utatoboa," basi. Nimeona nifungue uzi huu niandike kwa kirefu, maana fani hii naipenda na ndiyo iliyonilea.

Nilisoma Kifaransa kama lugha kuu, Kiarabu kama lugha ya pili, na isimu pamoja nazo. Leo natafsiri nyaraka, na jioni nawasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokwama. Katika miaka yote hiyo nimeona kosa moja linalowagharimu wengi kuliko uvivu na kuliko uhaba wa vitabu. Mwanafunzi anaingia darasani akiwa na sarufi nzima kichwani, aliyoijenga tangu utotoni, halafu anaiacha mlangoni kana kwamba ni mzigo. Anaianza lugha ya kigeni kama mtu asiye na kitu, na kumbe anacho.

Naanza na mahali nilipoanguka mwenyewe.

Mtihani wangu wa kwanza wa fonetiki, somo la sauti za lugha, niliufeli. Nilikuwa nimekariri jedwali lote la alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa (alama za kuandikia sauti za lugha), ile iliyotoka kwenye chama cha walimu wa lugha kilichoanzishwa Paris mwaka 1886. Ningeweza kulichora nikiwa nimefumba macho. Siku ya mtihani tukawekewa sauti tuziandike, na kalamu yangu ikaganda. Nilijua majina ya sauti bila kuzijua sauti zenyewe.

Aliyenifungua ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Aliniambia niweke kiganja mbele ya mdomo, nitamke "pin" na "spin" za Kiingereza kama zinavyosikika kwenye rekodi. Ya kwanza inakipuliza kiganja, ya pili haikipulizi. Mzungumzaji wa Kiingereza haishughulikii tofauti hiyo, kwake zote ni p tu: ni alofoni (sura tofauti za kimatamshi) za fonimu moja (sauti inayotofautisha maana). Kisha akanitaka nitamke "paa" la nyumba na "paa" mnyama kwa namna wasemavyo wenye Kimvita, lahaja ya Mombasa. La nyumba halina mpumuo, mnyama ana mpumuo. Pumzi ni ile ile, lakini huku inabadili maana, kwa hiyo ni fonimu mbili. Fasili ya fonimu na alofoni nilikuwa nimeisoma mara nyingi mno. Niliielewa siku ile, kiganja kikiwa mbele ya mdomo, kwa neno la Kiswahili.

Tangu hapo kila dhana mpya niliitafuta kwanza nyumbani. Mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana au kazi? Chukua "hatutawapikia": ha-tu-ta-wa-pik-i-a. Vipande saba, na kila kimoja kina kazi yake, hadi ile -i- inayosema kwamba upishi ungekuwa kwa ajili ya mtu. Ukishaweza kulipasua neno hilo, "evlerimizden" ya Kituruki, yaani "kutoka kwenye nyumba zetu", haikutishi tena: ev-ler-imiz-den, nyumba, wingi, yetu, kutoka. Mturuki anapanga kila kitu nyuma ya mzizi, sisi tunapanga mbele na nyuma. Tofauti ni mpangilio, kazi ni ile ile.

Kuna mada moja ya Kifaransa inayowatoa watu machozi, ile hali ya kitenzi inayokuja baada ya "il faut que" na "je veux que". Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, na kwa kuwa Kiingereza hakina sana kitu hicho, kurasa nyingi zinaenda kueleza mashaka, matakwa, hisia. Sisi tunacho. "Nataka kwenda" na "nataka aende." "Je veux aller" na "je veux qu'il aille." Ile -e ya mwisho kwenye "aende", "aje", "tusome" ndiyo hiyo. Ni lazima aje: il faut qu'il vienne. Hazilingani kila mahali, Kifaransa kina vituko vyake baada ya "bien que" na wenzake, lakini mlango mkuu umeshaufungua tangu ulipokuwa mtoto ukiambiwa "mwambie aje". Nilipolitambua hilo nilikasirika kidogo, kwa sababu hakuna kitabu chetu cha kiada kilichokuwa kimenieleza.

Jinsia za nomino pia. Nasikia mtu analalamika kwamba Kifaransa kina jinsia mbili na Kijerumani tatu, na malalamiko hayo anayatoa kwa sentensi kama "kitabu changu kipya kimepotea", ambamo ki- imepita kila mahali bila yeye kufikiri. Upatanisho wa kisarufi tumeuzoea. Ugumu wa kweli uko kwingine: Kiswahili mara nyingi huonyesha ngeli usoni pa neno, Kifaransa hufanya hivyo kwa nadra. Yako miisho inayosaidia (-tion ni ya kike, -ment kwa kawaida ni ya kiume), mengine ni kujifunza neno pamoja na kibainishi chake, "la maison", kamwe si "maison" peke yake.

Na kuna mahali lugha yako itakuponza. Kiambishi a- hakituambii kama mtu ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo utamwita dada yako "il" (yeye wa kiume) badala ya "elle" (yeye wa kike) mara mia kabla hujazoea. Swali la kukanusha nalo ni mtego. "Hujaelewa?" Sisi tunajibu "ndiyo, sijaelewa", tunaikubali kauli yenyewe. Kifaransa kina "si", Kijerumani kina "doch", kwa ajili ya kumpinga aliyeuliza kwa kukanusha, na "oui" yako pale itamwacha msikilizaji njia panda. Makosa ya namna hii yana utaratibu wake. Mwanaisimu S. Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga, na mwenzake Larry Selinker mwaka 1972 akaupa mfumo huo jina, lugha iliyo katikati ya ile uliyonayo na ile unayoitafuta. Mimi nilikuwa na daftari la makosa. Kila kosa niliandika pembeni yake: limetoka wapi? Nusu ya majibu yalikuwa Kiswahili.

Nitaendelea na suala la mji, ila kwanza nisikie wenzangu.

Mdau wa mwaka wa kwanza

Asante sana kwa uzi huu, umenigusa. Mimi ni wa mwaka wa kwanza, Kiarabu na isimu. Kaka, shida yangu ni matamshi. Mwalimu anatamka herufi tatu, mimi nasikia moja. ذ na ض na ظ kwangu zote ni "dh". Anarudia, darasa zima wanatikisa kichwa kwamba wameelewa, nami natikisa. Nimeanza kuamini sina sikio la lugha.

Mleta uzi

Dada, sikio unalo. Linafanya kazi yake vizuri sana, limejifunza kutojali tofauti ambazo Kiswahili hakizihitaji. Angalia: "dhahabu" ilitoka kwenye ذ, "dhamana" kwenye ض, "adhuhuri" kwenye ظ. Lugha yetu ilipoyapokea maneno hayo ilizikusanya sauti tatu zikawa moja. Ndivyo ilivyofanya pia kwa k: "kitabu" ina ك na "kalamu" ina ق. S pia: "safari" ni س na "sabuni" ni ص.

Kwa hiyo usianze na orodha ya herufi ngeni. Anza na maneno unayoyajua, uyapange upya kwenye mafungu yake ya asili. Chukua daftari, andika maneno yote ya Kiswahili yenye dh unayoyakumbuka, kisha tafuta kwenye kamusi ya Kiarabu kila moja lilitoka kwenye herufi gani. Utakuwa na maneno ya mazoezi ambayo maana zake huna haja ya kukariri, na akili yote itabaki kwenye sauti.

Tena, wewe wa Kiarabu una hazina kubwa kuliko sisi wa Kifaransa. Mfumo wa mizizi ya konsonanti unaowachanganya wageni umeubeba tayari. Kitabu, katibu, katiba, maktaba: k-t-b. Elimu, mwalimu, taaluma, mtaalamu, maalumu: ayn-l-m (ayn ni herufi ع). Hesabu, hisabati, mhasibu: h-s-b. Hujawahi kuyaona kama familia kwa sababu hakuna aliyekuonyesha.

Mdau mwalimu

Naomba nipingane kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Nafundisha Kijerumani kwa muda mrefu. Wanafunzi wanaopima kila kitu kwa lugha yao huwa na uchambuzi mzuri na mdomo mzito. Unamuuliza swali dogo, anaanza kutafsiri kichwani, anachambua, anajenga, mpaka ameshajibu mada imepita. Lugha inataka mazoea, si ulinganishi. Mimi darasani kwangu tunaingia kwenye Kijerumani na tunabaki humo.

Niongeze jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mtafiti Merrill Swain alichapisha mwaka 1985 utafiti wa watoto wa Canada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka. Kusikia na kuelewa walikuwa vizuri sana. Kuzungumza na kuandika walibaki nyuma. Hitimisho lake ni kwamba kusikia pekee hakutoshi, lazima mtu alazimike kutoa lugha. Kwa hiyo wale wanaokesha kwenye filamu za Kifaransa au Kikorea wakidhani wanasoma, wanafanya nusu ya kazi.

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu, na asante kwa kuja.

Nakubali upande mmoja. Wakati wa kuzungumza si wakati wa kulinganisha. Nilipokuwa nachambua kila sentensi kabla ya kuifungua mdomoni, sikuongea. Ulinganishi wangu mimi naufanya mezani, na daftari, kabla na baada ya mazungumzo. Ukifika kwenye mazungumzo, ongea na makosa yako, daftari litasubiri.

Upande wa pili sikubali, mwalimu wangu. Kuifukuza lugha ya mwanafunzi darasani hakuitoi kichwani. Itaendelea kufanya kazi gizani, na ile "ndiyo" ya kujibu swali la kukanusha itamfuata hadi mwaka wa tatu bila yeye kujua inatoka wapi. Afadhali aione.

Na kwa wanaodhani msemaji asiyezaliwa na lugha hawezi kuifikia kina chake: kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiarabu, kile ambacho wanasarufi wa Kiarabu waliofuata walikijengea juu yake, kiliandikwa na Sibawayhi, aliyesoma Basra katika karne ya 8. Alikuwa Mwajemi. Naamini ugeni wake ulimsaidia. Mwenye lugha hupita juu ya mambo ambayo mgeni hujikwaa nayo, na kujikwaa ndiko kunakomfanya mtu ainame aangalie.

Sasa mji.

Vyuo vya mjini vina sifa ambayo haitajwi kwenye kijitabu cha udahili. Wengi wetu hatulali chuoni. Tunatoka mbali, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na tunaona muda huo umepotea. Lakini tuangalie hesabu. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha maofisa wa mambo ya nje hukadiria kwamba msemaji wa Kiingereza anahitaji wiki zisizozidi 30 za masomo ya kutwa ili afikie kiwango cha kufanya kazi kwa Kifaransa, wiki 36 hivi kwa Kiswahili, na wiki 88, yaani saa 2,200 za darasani, kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea. Chukua chuo chenye vipindi vya saa 5 kwa wiki, muhula wa wiki 15. Saa 75. Mihula sita, saa 450. Sisi si wasemaji wa Kiingereza na hatuanzii pale wanapoanzia wao, lakini picha inaonekana: darasa peke yake halikufikishi hata robo ya njia kwa Kiarabu au Kichina. Saa zilizobaki zitatoka wapi kama si kwenye ile safari ya kwenda na kurudi? Mimi Kifaransa changu cha kusikia nilikipata njiani, rekodi moja ya dakika tano nikiirudia hadi nijue pumzi za msemaji ziko wapi. Si rekodi kumi. Moja.

Jambo la pili la mji ni watu. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alitaka kujua ni nani anayetamka r na nani haitamki katika Kiingereza cha New York. Alichagua maduka makubwa matatu, moja la matajiri, moja la watu wa kati, moja la bei ya chini, akawa anawauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambayo alishajua iko ghorofa ya nne. Wakamjibu "fourth floor". Akajifanya hakusikia, wakarudia kwa makini zaidi. Akaenda pembeni akaandika. Watu 264 kwa njia hiyo. Kadiri duka lilivyokuwa la hadhi ya juu ndivyo r ilivyosikika zaidi. Utafiti huo ni miongoni mwa misingi ya isimujamii (uchunguzi wa lugha katika jamii) ya leo, na ulifanywa kwa swali moja na miguu miwili.

Nilipousoma sikulala vizuri usiku ule. Mji niliokuwa nauona kama kelele ulikuwa umejaa data. Anayesema "galama" na anayesema "gharama". Anayesema "zambi" mbele ya rafiki zake na "dhambi" akisimama mbele ya watu. Muuzaji anayebadili lugha mara tatu kwa wateja watatu. Anayesoma chuo cha kijijini angelazimika kusafiri kuvikuta vyote hivi kwa pamoja. (Leo kanuni za maadili ni kali kuliko zama za Labov: ukitaka kurekodi watu, omba ridhaa, na mwonyeshe msimamizi wako kwanza. Kusikiliza na kukumbuka hakuhitaji barua.)

Mji una mtego wake pia. Wasemaji wa lugha unayoisoma utawapata, kwenye vituo vya utamaduni, kwenye nyumba za ibada, kwenye biashara, lakini wamezoea lugha ya wote. Ukikwama sekunde mbili wanakuhurumia, wanahamia Kiingereza. Usikasirike, ni ukarimu. Mimi nilijifunza kusema mapema kabisa, kwa lugha yao: naomba univumilie, nasoma lugha yako, nisahihishe. Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi kuliko sentensi nyingine yoyote, kwa sababu bila hiyo nyingine zote hazikupata nafasi.

Mdau mwenye shaka

Mkuu, umeandika vizuri lakini tuambizane ukweli. Mashine zinatafsiri. Naweka maandishi, sekunde moja yametoka. Kwa nini mtu apoteze miaka mitatu au minne? Na hizo nadharia za wanaisimu tunazosomeshwa, akina Saussure na Chomsky, zinamsaidia nani kwenye ajira?

Mleta uzi

Swali halali, mkuu, na linaniuma kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mashine natumia. Sasa iwekee "Yeye ni daktari, na mwenzake ni muuguzi" uipeleke kwenye Kifaransa. Lazima ichague "il" au "elle", na Kiswahili hakikusema. Itachagua tu, na mara nyingi daktari anakuwa mwanamume, muuguzi mwanamke, na haitakuambia kwamba ilibahatisha. Kwenye barua ya mapenzi si kitu. Kwenye hati ya mahakama au taarifa ya mgonjwa ni kosa lenye mtu nyuma yake. Anayejua kwamba hapo kuna swali la kuuliza ni yule aliyesoma lugha zote mbili na isimu.

Saussure hakukipanga kile kitabu kinachobeba jina lake. Alifariki 1913, wenzake waliofuata fikra zake wakakitoa 1916 kutokana na madaftari ya wanafunzi waliohudhuria mihadhara yake. Kila ninapochoka kuandika nukuu darasani naikumbuka habari hiyo. Fikra yake kwamba neno hupata thamani kutokana na majirani zake kwenye mfumo naitumia kila siku: "mjomba" na "baba mdogo" kwa Kifaransa wote ni "oncle", na nikirudi upande huu lazima niulize, wa upande wa mama au wa baba? Chomsky na kitabu chake cha 1957 kuhusu miundo ya sentensi simtumii kwenye tafsiri moja kwa moja, nakiri. Alinifundisha kuuliza kwa nini sentensi fulani haiwezekani, na hiyo ni nidhamu ya akili ambayo sijaipata kwingine.

Kuhusu ajira: shahada peke yake haitoshi, hapo uko sahihi. Waajiri wengi wanataka kiwango kinachopimika. Mfumo wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001, wenye ngazi sita kutoka A1 hadi C2, ndio unaotajwa zaidi kwa lugha za Ulaya, Kichina kina mtihani wa HSK, Kijapani kina mtihani wenye ngazi tano kutoka N5 hadi N1. Fanya mtihani wa nje kabla ya kuhitimu. Na usisahau kuwa Kiswahili chenyewe sasa kinaingia kwenye kumbi kubwa. UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa siku yake mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Wanaohitajika huko ni wenye Kiswahili kilichokamilika pamoja na hiyo lugha nyingine.

Mdau mkalimani

Niunge mkono hapo mwisho, ndiko niliko. Ukalimani wa papo kwa papo ulijulikana duniani kwenye kesi za Nuremberg, 1945 na 1946, kwa lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Hadi leo tunakaa kibandani wawili, mmoja anaongea mwenzake anapumzika na kumsaidia namba na majina, tunabadilishana baada ya nusu saa hivi. Zaidi ya hapo akili inaanza kuacha maneno.

Wengi wanaokuja kujaribu wanaelewa lugha ya kigeni vizuri sana. Wanaanguka kwenye Kiswahili. Neno linagoma kutoka, sentensi inaanza kwa mpangilio wa Kiingereza halafu haina pa kuishia.

Nitoe mfano mmoja, mwalimu wa Kijerumani ataufurahia. "Ich kenne ihn nicht." Ukanushi umekuja neno la mwisho. Kwa Kiswahili ni "simjui", ukanushi ni silabi ya kwanza. Sasa mzungumzaji ameshasema "ich kenne ihn" na anavuta pumzi. Nifungue mdomo au nisifungue? Nikisema "namjua" nimekwisha. Kitenzi chetu kinataka kila kitu mapema, nani, anakubali au anakataa, lini, kwa nani, na Kijerumani kinapenda kuweka mambo mwishoni. Hakuna darasa la ukalimani litakalokupa dawa ya hilo kama huijui tabia ya kitenzi chako mwenyewe. Mimi niligundua kwa jasho. Siku hizi ninasubiri, au ninaanza na kitu kisichonifunga, "kuhusu mtu huyo…", hadi hukumu itoke.

Mdau mwalimu

Mfano huo nitautumia darasani wiki ijayo, kwa idhini yako. Na mleta uzi, "oncle" na "mjomba" umenikamata. Labda dakika kumi za ulinganishi mwishoni mwa kipindi hazitaniua.

Mleta uzi

Mwalimu, dakika kumi zinatosha kabisa.

Mkalimani, asante sana. Mimi wa maandishi nina anasa ya kurudi nyuma na kufuta, sikuwahi kulifikiria jambo hilo la "simjui" kwa namna hiyo. Nimeliandika daftarini.

Mdau wa mwaka wa kwanza

Nimerudi. Nimefanya zoezi la dh, siku tatu. Nimepata haya:

ذ: dhahabu, dhambi, idhini, dhana
ض: dhamana, ardhi, dhaifu, dhiki, kadhi
ظ: adhuhuri, dhahiri, dhuluma, hifadhi, nadharia

Halafu nilimwomba mwanafunzi mmoja anayezungumza Kiarabu nyumbani kwao anisomee kwa Kiarabu, nikamrekodi kwa ridhaa yake. Nikasikiliza kwenye gari asubuhi na jioni. Siku ya pili nikaanza kuisikia ض. Sijui kuieleza. Ni kama vokali inayofuata inakuwa nzito, inarudi nyuma ya mdomo. Kuitamka bado, ila naisikia.

Mleta uzi

Hiyo hiyo dada! Umeieleza vizuri kuliko kitabu nilichosomea. Konsonanti hizo nzito zinaibadilisha vokali iliyo jirani, na sikio la mgeni huinasa vokali kwanza. Ukishaisikia, ulimi utafuata.

Moja tu liko fungu lisilo lake, "dhana". Hiyo ni ظ. Ihamishe, kisha msikilize tena mwenzako akiisoma pamoja na "dhahiri", utasikia zinavyofanana uzito.

Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwa h. Anza na haya matatu: habari, hali, hewa. Kwa Kiswahili h ni moja. Kwa Kiarabu zilikuwa tatu.

Mdau wa mwaka wa kwanza

Hewa ni ه. Hali ni ح. Habari… خ?

Nimekaa hapa nazitamka kwa sauti, jirani yangu kwenye kiti ananiangalia.